Gunia Lililopita Bila Kukaguliwa

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia hata mchana, nikiwa nimekaa hapa mjini Mulekera na pikipiki zikipita nje. Huja na ukungu wake. Naona vilima vya Alimbongo vimefunikwa, nasikia wanawake wakipatana bei kabla sijawaona wenyewe, na kila mara natamani nimshike mke wangu Masika mkono kabla hajalimwaga lile gunia. Siwahi.

Ngoja nikueleze vizuri. Wakati wa vita, barabara ya Lubero kwenda kusini ilikuwa imekatwa. Upande wetu kulikuwa na wenye bunduki wao, ng'ambo ya Alimbongo kulikuwa na wengine. Katikati ulibaki mgongo wa kilima usio na mwenyewe, na wanawake wa pande zote mbili wakaufanya soko. Walikata vipandikizi vya ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba, wakavipanda kuuzunguka uwanja. Kwetu, anayevunja mpaka wa mmea huo hupoteza heshima yake mbele ya wakubwa na wadogo. Ndani ya mpaka silaha haikuingia, hata panga la kukatia kuni. Makamanda walikubali, maana nao walipenda maharage.

Kila upande ulichagua wakaguzi. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Mbuyi, mtu wa Kasai aliyeletwa na serikali kutufundisha jiografia, kisha serikali ikamsahau. Hakuwa na ndugu huku, ndiyo maana wote walimwamini. Mimi nilikuwa mkaguzi wa upande wa Lubero. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kifua mbele, fimbo mkononi, nikichoma fimbo magunia ya bibi zangu kutafuta silaha, bila huruma. La kwangu halikuchomwa na mtu. Nani angemkagua mkaguzi?

Sasa sikia ujinga wangu. Wiki ile watu walinong'ona kwamba wa ng'ambo wanajipanga kutuvamia. Askari mmoja akanipa guruneti kwa kapu la viazi, nami nikaificha katikati ya gunia. Sikutaka kumrushia mtu, mwanangu, naapa. Nilitaka iwepo tu. Nilipita mpakani nikimsalimia Mwalimu kwa adabu zote, huku moyoni nikijiona mrefu. Hata Masika sikumwambia. Nilikusudia kukaa karibu na gunia, lakini nikaitwa kukagua waliochelewa, na mteja akaja akataka viazi vyote.

Masika akamwaga. Guruneti ikabiringika pamoja na viazi, ikasimama miguuni pa Mama Faida.

Mama Faida alikuwa muuguzi wa upande wa kusini. Zahanati yetu ilikuwa imeporwa na waganga wake wamekimbia, kwa hiyo yeye ndiye aliyewatibu watoto wetu, pale pale sokoni. Siku ile tulikuwa tumemletea Kavira, binti yetu wa mwaka mmoja, aliyekuwa na homa ya kuja na kuondoka. Mama Faida alikuwa ndio kwanza amenyoosha mikono ampokee. Akairudisha.

Wanawake wa kusini walifunga vitenge vyao, wakaingia kwenye ukungu mmoja mmoja, na nikabaki nasikia nyayo zao kwenye majani mabichi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa askari aliitoa guruneti taratibu nje ya mpaka. Kisha Mwalimu akaja kwangu.

"Kambale, njo weye?"

"Ni miye, Mwalimu. Mais lakini haikukuwa ya kupiga. Ilikuwa ya kuweka tu, juu batu batuogope."

"Hata benye bomu ya atomike banasemaka vile."

Akaketi kwenye gunia tupu, akanifundisha somo ambalo darasani nililisinzilia. Alisema mawe ya urani ya bomu la kwanza la atomiki yalichimbwa Katanga, katika nchi yetu hii. Alisema nchi za Afrika zimekubaliana bara lote liwe ukanda usio na silaha za nyuklia: hakuna kuunda, hakuna kuficha, hakuna kumwekea rafiki, na wenye mabomu makubwa wanaombwa watie sahihi kwamba hawatatutishia nayo. Nikamuuliza, nikiwa na kiburi bado, karatasi inamzuia nani. Akanijibu kwamba nchi ya kusini kabisa ya bara hili ilikuwa nayo, ikayavunja yenyewe, halafu ikawafungulia wageni milango waje wahakikishe.

"Karatasi ni mwanzo tu," akasema. "Batu banaaminia kwa macho. Enda, fungua kwako bakuje baangalie."

Siku ya soko iliyofuata, uwanja ulikuwa mtupu. Iliyofuata tena, mtupu. Kavira aliacha kunyonya. Nilijua anachowaza Masika, kwa sababu nami nilikiwaza: mtoto atakufa kwa ajili ya guruneti yangu. Ndipo nikavuka kwenda upande wa kusini peke yangu, mikono inaning'inia mitupu. Niliwaambia wanawake wa kusini waje nyumbani kwangu watafute popote wanapotaka.

Walikuja watatu, Mama Faida akiwa mmoja wao. Walimwaga maharage ya mbegu sakafuni. Walipasua godoro. Walichokonoa nyasi za paa huku majirani wamejaa mlangoni na mama yangu amejifunika uso kwa kitenge. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Palibaki kitanda kidogo cha mtoto. Mama Faida akamnyanyua Kavira ili mwenzake atazame chini yake. Mwenzake akatazama, akatikisa kichwa. Lakini Mama Faida hakumrudisha mtoto. Alimbana kifuani, akamgusa shingo.

"Ile tulitafuta iko hapana," akasema. "Mais huyu mutoto anachomeka. Leteni mayi ya baridi, mbio."

Alikaa kwetu siku tatu, hadi homa ilipomwachia Kavira. Juma lililofuata soko likarudi, na gunia la kwanza kuchomwa fimbo lilikuwa langu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukisikia mataifa yanabishana juu ya ukanda usio na silaha za nyuklia, usidharau kama nilivyodharau. Usiweke nyumbani kitu cha kuwatia wengine hofu ukakiita ulinzi, maana hofu hiyo itamfukuza hata yule ambaye mtoto wako anamhitaji. Ukiweka ahadi, kubali ikaguliwe, na wewe uliyepewa fimbo ukaguliwe wa kwanza. Utaaibika kidogo, lakini utaishi na majirani.

Nyamuhanga, Muumba wetu, akupe nyumba isiyoogopa kufunguliwa. Akupe jirani aingie kukutafutia kosa, akukute na shida, akae akusaidie. Nenda salama, mwanangu, na watoto wako walale bila homa.