Matundu Matatu na Mshono Mmoja

Mwaka ule wa mvua za El Nino minazi ya Chanika iliteleza kama imepakwa sabuni, na wakwezi wengi walikaa chini wakingoja jua. Marijani hakukaa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mwembamba, mikono mirefu, na wenye mashamba walimfuata kwake wenyewe, kwa sababu kole la nazi aliloliangua yeye hukuti ndani yake koroma isiyokomaa hata moja. Zote nazi zilizokomaa. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na mitatu, na mnazi ulikuwa haujamwangusha.

Hata siku ile haukumwangusha. Mguu wake ulitoka kwenye kidato, akaukumbatia mti, akateremka nao mzima mzima kama urefu wa watu wawili kabla hajapata pa kukanyaga. Alishuka kwa miguu yake, akapumzika kidogo, akapanda mnazi uliofuata. Siku ya tatu mkewe, Somoe, alimwona akivaa shati huku ameuma meno.

"Twende Ukonga," Somoe alisema. "Kuna zahanati mpya ya mtu binafsi, wana mashine ya kutazamia tumbo."

"Mbavu tu hizi, mama."

"Mbavu zako. Mume wangu."

Mpigapicha wa zahanati alimpaka mafuta ya baridi, akatembeza kile chombo chake ubavuni, kisha chini ya chembe cha moyo. Akakirudisha. Akakirudisha tena.

"Bwana, mbavu zako nzima, na damu haijavujia ndani," alisema mwishowe. "Ila kwenye ini kuna kitu sijakipenda. Nitakuandikia uende hospitali kubwa, na usiache kwenda."

Hospitali kubwa walikutana na Daktari Projestus, mpasuaji mtu wa Bukoba, mnene, mwenye viganja kama sahani. Alimtoa damu, akampiga picha nyingine, akamwita baada ya siku sita pamoja na mkewe. Hakuzunguka.

"Damu yako ina virusi vya homa ya ini. Pengine umekuwa navyo tangu mtoto, bila kujua. Ndivyo vilivyozaa huu uvimbe. Ni saratani ya ini."

"Kansa?" Somoe aliuliza.

"Kansa, mama. Lakini nisikilizeni vizuri. Wengi huja kwangu uvimbe umeshajaa tumbo zima, sina la kuwapa ila dawa ya maumivu. Huu ni kama limau, na umekaa pembeni kabisa, upande wa kushoto. Ini lililobaki bado laini. Huu unakatika. Bwana Marijani, wewe umeletwa hapa na mnazi."

Somoe alilia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kanga. Marijani aliuliza swali moja tu: "Nitakwea tena lini?"

Daktari alisimama, akachora kwa kidole juu ya shati lake mwenyewe, kutoka chini ya ubavu wa kulia, akapita katikati, akaenda kushoto. "Nakata hapa. Baada ya hapo miezi sita usinyanyue hata ndoo ya maji. Misuli ya tumbo ikiachia, utumbo unatokeza chini ya ngozi, na kukwea ndiyo basi."

Asiyekwea hudhani mkwezi hupanda kwa mikono. Mkwezi hupanda kwa tumbo. Miguu husukuma, mikono hushika, lakini kinachouinua mwili kutoka kidato hadi kidato ni tumbo, na pale pale alipopitisha daktari kidole ndipo Marijani alipokuwa akipategemea kwa miaka thelathini na mmoja. Alitoka mle chumbani akakaa kwenye benchi la nje.

Muuguzi mmoja aliyemwona pale ndiye aliyemwambia habari za Daktari Hayat. Huyu alikuwa binti wa wenye duka wa Kinondoni, Waarabu wa siku nyingi pale, aliyerudi mwaka uliopita kutoka Madras alikojifunza kupasua kwa matundu. Wagonjwa wake wa mawe kwenye mfuko wa nyongo, alisema muuguzi, huingia leo na kesho kutwa wako kwao. Marijani alimsubiri mpaka alipotoka kwenye chumba cha upasuaji.

"Dada daktari, mie ni mkwezi," alianza. "Nasikia wewe unafanya kazi bila kumpasua mtu tumbo."

Daktari Hayat alicheka, akamkaribisha ofisini, akazitazama picha zake juu ya taa. Alikuwa mwanamke wa haraka, na hata alipokuwa amekaa kalamu haikutulia mkononi.

"Naweka matundu matatu au manne, kila moja halizidi upana wa kidole," alieleza. "Moja linaingiza kamera, mengine vyuma virefu. Natazama kwenye televisheni. Kidonda kidogo, maumivu machache, na wewe mkwezi ungekuwa juu ya mnazi baada ya wiki sita hivi. Huko nje wameanza kukata hata uvimbe wa ini kwa njia hii, na ulio pembeni kama wako ndio wanaouchagua."

"Basi nikate wewe."

"Subiri nikwambie na upande wa pili. Mifuko ya nyongo nimeshatoa arobaini na kitu. Ini kwa matundu, kule Madras, nilishika kamera mara tatu, anakata mwalimu wangu. Mkono wangu mwenyewe bado. Na ini si mfuko wa nyongo. Ini ni sifongo la damu. Likianza kutoka, Projestus analibana kwa mkono wake pale pale. Mie itabidi kwanza nikufungue, na dakika zile si za kuchezea."

Marijani alifikiri. "Na hii kansa? Njia ipi inaikomesha zaidi?"

"Kwa hakika hakuna anayejua bado. Kansa haiulizi tundu lilikuwa dogo au kubwa. Inauliza kama imetolewa yote, pamoja na nyama nzima ya kuizunguka."

"Mkono wako unaingia mle?"

"Hauingii. Kuona, naona vizuri kumshinda Projestus, kila mshipa umekuzwa mbele yangu. Lakini kupapasa siwezi. Nagusa kwa ncha ya chuma."

Alirudi Chanika na maneno hayo, akakaa nayo siku tatu. Somoe alitaka matundu. Hakutaka mume wake afunguliwe kama samaki, alisema hivyo hivyo, mbele ya shemeji zake. Marijani naye aliyataka, tena sana. Lakini kila alipofika kwenye lile neno kupapasa, alikwama. Katika kazi yake macho yalikuwa yameshamdanganya mara nyingi. Chini ya mnazi utaona kole limekauka makumbi, utasema tayari. Ukifika juu ukaigonga nazi kwa kucha, koroma. Hajawahi kuangua nazi asiyoigusa.

Siku ya nne aliwakuta madaktari wote wawili kwenye kikao chao cha asubuhi, akawasalimu, akasema alilojia.

"Mie nawataka nyote."

Daktari Projestus aliinua nyusi. "Nyote namna gani?"

Ni Daktari Hayat aliyedakia, kama mtu aliyekuwa akilisubiri hilo kwa muda. "Mimi naanza kwa matundu, natazama tu. Nikikuta saratani imeshatapakaa kwenye utando wa tumbo, hatukati kitu. Naziba, anakwenda kwao baada ya siku mbili bila kidonda cha bure. Nikikuta pasafi, unafungua wewe."

"Nimekata maini miaka kumi na tisa bila televisheni," Projestus alisema.

Alitazama viganja vyake juu ya meza, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Na mara ngapi nimefungua nikakuta pameshaharibika, nikafunga. Wale watu walikufa na mshono mbichi. Sawa. Tazama kwanza."

Wakwezi wenzake kumi na moja walikuja mjini kumtolea damu, wakiongozwa na mdogo wake Khalfani. Muuguzi wa maabara alipoiona mikono yao alisema hajawahi kupata mishipa rahisi namna ile.

Yaliyotokea ndani, Marijani hakuyajua, alikuwa kwenye nusu kaputi. Baadaye alisimuliwa na Daktari Hayat, naye akayasimulia mara nyingi. Kamera iliingia kwa tundu la kitovuni, vyuma kwa matundu mawili ya pembeni. Akazunguka na mwanga tumbo zima, taratibu. Utando ulikuwa safi, unang'aa. Ini lilikuwa jekundu, laini, na limau lilikuwa pale pale pembeni lilipotajwa. Hapakuwa na kingine. Akamwambia mwenzake, "Pasafi. Karibu."

Projestus alifungua. Lakini kabla hajakata chochote alitia mkono, akafumba macho, akalipapasa ini lote kama mama anayetafuta mawe kwenye mchele. Upande wa kulia, chini kidogo ya uso wa ini, vidole vilisimama.

"Hayat, tia mkono hapa."

Alitia. Kulikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya choroko. Altrasaundi haikukiona. Kamera ilikuwa imepita juu yake mara mbili. Walikikata pamoja na lile limau, kila kimoja na nyama nzima ya kukizunguka, wakatumia mifuko minne ya damu ya wakwezi. Wiki mbili baadaye majibu ya maabara yalitoka: choroko nayo ilikuwa kansa.

"Ungenikata peke yako ingebaki," Marijani alimwambia Daktari Hayat.

"Ingebaki," alikubali bila kupepesa. "Lakini kansa ingekuwa imetapakaa, Projestus angekupasua bure. Ndiyo maana ulitutaka sote."

Kupona hakukuwa kwepesi. Matundu matatu yaliziba ndani ya wiki, akayasahau. Ule mshono mrefu ndio uliomkalisha hospitali siku kumi na mbili, ukatoa majimaji, ukamfanya ashike mto tumboni kila alipotaka kukohoa au kucheka. Miezi sita alikaa barazani akisuka makuti, kazi aliyozoea kuidharau, huku Khalfani akikwea badala yake kwenye yale mashamba. Siku moja alimwona mdogo wake akiangua koroma nne kwa mkupuo, akapiga kelele mpaka Somoe akamkumbusha mshono.

Oktoba alipanda mnazi mfupi wa nyuma ya nyumba, ule ambao hata mbuzi anaweza kufika nusu. Tumbo lilivuta lakini halikuachia. Somoe alisimama chini mikono kiunoni, hakumkataza wala hakumsifu. Kufikia Desemba alikuwa kwenye minazi mirefu, si ishirini kwa siku kama zamani, kumi na miwili, na ilimtosha. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kupimwa. Mara zote picha zilitoka safi, na mara zote Projestus alimwambia asilale, saratani ya ini ni mwizi anayeijua nyumba.

Mwaka uliofuata jirani yao Jovina, mama lishe wa kituoni, alishikwa na maumivu ya ubavu yaliyomlaza chini. Yalikuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Alipoambiwa kuhusu matundu alikataa.

"Mie nipasuliwe kweli kweli kama wewe," alimwambia Marijani. "Watie mkono. Hiyo televisheni iliipita punje yako."

Marijani alifunua shati, akamwonyesha. Mshono ulikatiza tumbo lake kama mpini wa jembe. Yale matundu ilibidi Jovina ainame ndipo ayaone.

"Huu ulikuwa wangu kwa sababu ya ugonjwa wangu," alisema. "Nilikuwa na kitu cha kutafutwa, kilichojificha. Wewe jiwe lako linajulikana liliko, na mfuko unatoka mzima. Utabeba huu wa nini? Sufuria zako nani atazinyanyua miezi sita? Nenda kwa yule dada. Lakini muulize ameshatoa mifuko mingapi. Atakwambia ukweli."

Jovina aliuliza, akaambiwa sitini na mitatu. Aliingia Jumanne, Alhamisi akarudi Chanika, na kabla wiki mbili hazijakwisha alikuwa kituoni, sufuria mekoni.

Tangu hapo Daktari Hayat alipopata mgonjwa mwenye hofu alimtumia Marijani salamu, naye akaenda. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa alimkuta wodini mzee mmoja wa Kimbiji mwenye uvimbe kwenye ini, aliyegeukia ukutani hataki kusema na mtu wala kutia saini ridhaa ya kupasuliwa. Marijani alimwamkia, akavuta stuli, akafunua shati.

Mzee aligeuka, akatazama kwa muda mrefu, akagusa kovu kwa kidole kimoja. "Liliuma?"

"Sana, mzee wangu. Miezi miwili."

"Na sasa unafanya kazi gani?"

"Mkwezi. Jana nimeangua minazi kumi na mitatu."

Mzee alikaa kitandani, akamwomba muuguzi ile karatasi ya ridhaa, na kalamu.