Nyumba Imevamiwa na Kuku Bado Wanatembea

Trela ya kwanza ya gemu ya kompyuta ninayoisubiri ilitoka nikiwa sekondari, sina hata ndevu. Sasa ninazo, na gemu bado haijatoka. Wameahirisha, wakaomba radhi, wakatoa picha mpya za milima, wakaahirisha tena.

Inahusu nchi iliyovamiwa. Kijana anarudi kwao baada ya kukaa mbali na kukuta jeshi la kigeni limeshika kila kitu. Kuna kizuizi barabarani, bendera ngeni juu ya shule, na nyumba ya wazazi wake imegeuzwa kambi. Nchi yenyewe ni ya kubuni, lakini ina vumbi jekundu na mabati yaliyoshika kutu, kwa hiyo mimi niliielewa haraka. Unachukua bunduki na kwenda unakotaka, bondeni, mlimani, kijiji hadi kijiji, na kila kijiji unakikomboa kwa njia yako. Nimeitazama trela hiyo mara nyingi kiasi kwamba najua ni mbwa yupi anabweka kabla ya mlipuko.

Nafanya kazi katika steshenari moja Kilwa Masoko. Nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nasafisha sura za watu waliokuja wamechoka. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wanaoeleza haraka mno. Cheti sina. Mwenye cheti akikosea, amekosea. Mimi nikikosea, nimegundulika. Ndiyo maana barua ya nusu ukurasa naisoma mpaka mteja anakwenda kunywa chai na kurudi.

Nacheza gemu hivyo hivyo. Askari akiniona, naanza upya. Risasi ikipotea, naanza upya. Mwanakijiji akijeruhiwa, hata kama ni yeye aliyekimbilia mbele yangu, naanza upya. Sijawahi kumaliza gemu hata moja. Watu wakizungumzia mwisho wa gemu fulani, natikisa kichwa kama mtu aliyefika.

Kisha watengenezaji wakatangaza majaribio. Kijiji kimoja tu cha ile nchi kingefunguliwa, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili saa kumi na moja jioni kwa saa za kwetu, na baada ya hapo kifungwe mpaka gemu kamili itoke. Nilijiandikisha. Nikaipakua usiku kucha kwa wiki nzima. Nikamwambia bosi wangu kwamba mwisho wa wiki nina shughuli ya kifamilia.

Alhamisi asubuhi nikapata shughuli ya kifamilia. Mama alipiga simu kutoka kijijini kwetu Mitole kusema babu amefariki.

Nitaandika hapa jambo nililoliwaza kwanza, kwa sababu nimejaribu kuliruka na maandishi yote yamekuwa ya uongo. Niliwaza kama nyumbani kwa babu kuna mtandao. Nililia? Hapana. Nilikunja nguo mbili, nikaweka kompyuta kwenye begi lake, nikaita bodaboda.

Babu alikuwa mkulima wa korosho. Aliwahi kuanguka na baiskeli yenye gunia, na tangu hapo akawa anachechemea. Alivaa koti la mvua hata kiangazi, na kabla ya kusema lolote alikohoa kwanza, kama anayebisha hodi kwenye mazungumzo. Nilipofika walikuwa wameshamlaza. Bibi alikuwa chumba cha ndani, tayari ameanza kukaa eda. Bibi na mjukuu kwetu ni watani, na maisha yote ameniita mume wake. Nilipoingia alinishika mkono, akasema taratibu, "Mume wangu mmoja kaondoka, nimebaki na wewe. Na wewe huna faida."

Nikaficha begi chini ya kitanda chake, nimelizungushia kitenge. Niliamini hakuna mtu angepekua chumba cha mwenye eda. Hapo nilikuwa nimesahau watani wa ukoo.

Ukoo wetu una watani ng'ambo ya bonde. Sisi tukifiwa wao huja, na wao wakifiwa sisi huenda. Wakija, nyumba inakuwa yao. Wanatania mpaka maiti, wanachukua wanachokitaka, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kazi nyingi za msiba wanazifanya wao, ila wanazifanya kwa masharti. Safari hii waliongozwa na mama mmoja wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kupita ukuta. Mpaka adhuhuri ya Ijumaa walikuwa wameshika kila kitu. Waliweka mwiko chini, kukatiza njia ya kuingilia uani, na aliyetaka kupita alihojiwa. Walikalia kiti cha babu. Walikamata kuku na kuwachinja bila kuuliza ni wa nani. Jeneza lilipotolewa, mama yule alilala kizingitini, akasema marehemu anadaiwa maneno, aliondoka bila kumjibu tusi la mwaka jana. Wazee walimbembeleza mpaka akaridhika, ndipo tukaenda kuzika.

Tuliporudi kutoka makaburini nilimkuta amekaa barazani, begi langu mapajani.

Majaribio yalikuwa yameshafunguliwa. Nilimwendea, nikainama kidogo, na nikafanya kosa ambalo ukoo wetu utalisimulia kwa muda.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Naomba begi langu. Ni la kazi."

Yeye alinitazama kama mtu aliyepewa chai ya chumvi.

"Huyu ni wa kwenu kweli?" akamuuliza baba yangu mdogo. "Au mmemwokota Somanga, kaangushwa na basi?"

Baba mdogo alinivuta nyuma ya nyumba. Aliniambia kwamba mtani msibani haamkiwi shikamoo, na wala haombwi. Kumwamkia kwa heshima ni kumwambia kwamba utani umekwisha na yeye ni mgeni, na mgeni msibani angekaa kimya na kula wali. "Mtukane," akasema. "Adabu yako inatuaibisha." Nikamuuliza nimtukane kwa kiwango gani. Akaenda kupasua kuni.

Sharti likatangazwa jioni ile, kila mtu akisikia. Begi lingerudi siku nitakapomtukana mtani tusi lenye uzito. Kama sitaweza, litakwenda ng'ambo ya bonde na kufanywa mto wa kulalia.

Jumamosi nzima niliandika matusi kwenye simu. La kwanza lilisema ana sauti kama mashine ya kukoboa. Kisha nikafikiri, mashine ya kukoboa ina faida kwa jamii, hilo siyo tusi. Nikalifuta. La pili lilihusu ulaji wa panya, lakini katika eneo letu sina uhakika ni nani wa kumcheka mwenzake kwa hilo. La tatu lilikuwa zuri mpaka mwishoni, ambapo niligundua nimeandika "samahani". Mchana nilimsogelea akiwa anasonga ugali kwenye sufuria ya kulishia watu wote, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama anahitaji msaada.

"Nenda," alisema. "Rudi ukiwa na meno."

Wakati huo watu wengine walikuwa kijijini mle, katika ile nchi ya milima. Nilijua kwa sababu kwenye simu yangu walikuwa wanaweka picha. Mmoja alikuwa ameshafika kwenye nyumba ya wazazi. Nilizima simu. Nikaiwasha. Kijiji nilichokisubiri tangu sina ndevu kilikuwa wazi kwa watu wote duniani isipokuwa mimi, na aliyenizuia alikuwa mama mmoja ambaye sikuweza kumwambia hata mjinga.

Jumapili ilikuwa hitima. Watu walisoma, wakaomba dua, wakala. Baada ya kula, watani wakaleta igizo lao la kuaga, kama desturi. Mama yule alitoka ndani amevaa koti la mvua la babu, ameshika fimbo yake. Akazunguka uani akichechemea, akalalamikia bei ya korosho, akakohoa, akamfokea mbuzi. Watu walicheka huku wanafuta macho. Alikuwa anaigiza vizuri. Lakini alikuwa anachechemea mguu wa kulia.

Nilivumilia mzunguko wa kwanza. Wa pili ukanishinda.

"Mwizi gani wewe?" nikasikia sauti, na sauti ilikuwa yangu. "Mguu wenyewe siyo huo. Babu alichechemea wa kushoto. Na alikohoa kabla ya kusema, siyo baada. Umeteka nyumba nzima, umemaliza kuku wote, halafu mguu mmoja wa marehemu umekushinda kuiba?"

Kabla sijafunga mdomo nilikuwa nimeshajuta kila neno. Kisha uani pakalipuka kicheko. Baba mdogo alipiga goti lake kwa kiganja. Mama yule akasimama katikati, mikono kiunoni, koti likimfika miguuni.

"Kumbe haka kajukuu kana mdomo," akasema. Akavua koti. "Haya, fundi. Tuonyeshe huo wa kushoto."

Nililivaa. Lilikuwa linanuka moshi na salfa ya kupulizia mikorosho. Sikuhitaji kufikiri. Nilikohoa kwanza, nikatembea kutoka mlangoni hadi bandani, wa kushoto ukivutika kidogo na bega likishuka kuufuata, nikageuka pale anapogeukia siku zote, nikakohoa tena. Hakuna aliyecheka. Ndani, nyuma ya pazia, nikamsikia bibi akisema, "Ndiye." Akaanza kulia. Na mimi nikalia, ndani ya koti la mvua, kiangazi, mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo sikuipanga.

Mtani akanipa kompyuta. "Chukua kisanduku chako," alisema. "Lakini nataka kukiona hicho ulichokuwa unakililia kwa shikamoo."

Mtandao ulipatikana kwenye kona ya choo. Tulitandika mkeka hapo, mimi na yeye, nikawasha data ya simu. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja kabla ya majaribio kufungwa, na chaji ya kompyuta isingefika mbali zaidi ya hapo. Milima ikatokea. Nyasi zilitikisika kila moja kwa wakati wake.

Nikamweleza mtani. Hawa ni wavamizi, hii ni nyumba ya wazazi wangu, wamekaa ndani, natakiwa kuwatoa. Alisogeza uso mpaka kwenye kioo. Askari mmoja alikuwa anazunguka uani. Miguuni pake kuku walikuwa wanadonoa.

"Wamekuja lini?"

"Hadithi inasema wana miezi."

"Nyumba imevamiwa na kuku bado wanatembea?" Akajiegemeza ukutani. "Hawa siyo wavamizi. Hawa ni wapangaji."

Nilianza kutambaa nyuma ya ukuta, polepole, kama nilivyopanga miaka yote. Nilitaka niingie bila kuonekana, bila risasi kupotea. Nilikuwa nimefika karibu na dirisha la nyuma aliponyoosha kidole na kuuliza hiki kitufe ni cha nini, na wakati huo huo akakibonyeza.

Bunduki ikalia. Jogoo akafa. Askari wote wakageuka.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye sehemu ya kuanza upya. Akaushika.

"Unafanya nini?"

"Naanza upya. Imeharibika."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi cheza. Ukifa ndiyo tunakuja sisi."

Sikuweza kumkasirikia, kwa sababu desturi hairuhusu, na sikuweza kubishana, kwa sababu askari walikuwa wanakuja. Nikakimbia. Nilipiga risasi ukuta, mti, pipa la maji na, kwa bahati, askari mmoja. Nilianguka mtaroni. Nilipita katikati ya jiko la watu. Mtani alikuwa ananielekeza kwa sauti ile ya kupita ukuta, kulia, kushoto, pita kwa jirani, jirani hawezi kukunyima. Watoto wakaja, kisha baba mdogo, kisha watu wa hitima waliobaki. Mara tatu nilijeruhiwa na sikuanza upya. Mwishowe nikajitupa ndani ya banda la kuku na kujibanza humo, damu ikiwa imebaki kidogo sana, askari wakipita nje, na hapo ndipo maandishi yakatokea kusema majaribio yamefungwa, asante kwa kushiriki.

Sikuikomboa nyumba. Waliofanikiwa wameweka video zao, safi, bila risasi iliyopotea, na nimezitazama. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye banda la kuku. Ndani yake kuna viota vitatu na mayai, vimechorwa vizuri sana, na nadhani aliyevichora alikata tamaa ya kuonwa.

Watani waliondoka jioni ile ile, wakaacha sufuria zimesuguliwa. Kompyuta nilibaki nayo. Begi aliondoka nalo. Alisema tusi moja limekomboa kisanduku tu, begi linadai tusi lake.

Nimerudi Masoko. Kompyuta naibeba kwenye mfuko wa salfa wa babu, na steshenari nzima inanuka msimu wa kupulizia. Wateja wanauliza, nawaambia ni shughuli ya kifamilia. Gemu kamili wanasema itatoka mwakani. Begi linaweza kurudi kabla ya hapo, najua jinsi ya kulidai. Nimeshaandika tusi, nimelisoma, na sijafuta neno hata moja.