Skintaiti Tatu

Mtu mwenye akili zake havai skintaiti tatu chini ya sketi, tena kwenye joto la Ifakara, mwezi wa pili. Mimi nilivaa. Miaka minne! Juu yake nafunga khanga, kisha sketi, ndipo nathubutu kutoka nyumbani kwangu Lipangalala na nyonga zangu za kuazima.

Tatizo lilianzia kwenye salamu. Kwetu mtu hamalizi hata kukujulia hali, ameshakukagua: "Mbona umekonda? Unaumwa?" Kukonda ni ugonjwa, ni ndoa mbovu, ni mambo ambayo watu huyasema ukishawapa kisogo. Na mimi nimezaliwa mwembamba, nimemrithi baba. Nilikula wali hadi basi, nikanywa uji wa karanga, mwili ukagoma. Nikaanza kuogopa watu. Nikimwona ninayemfahamu, nakata kona. Kwenye kioo narudi mara kumi, na mara zote kumi naona mifupa.

Siku moja, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, jirani yangu akapaza sauti: "Jamani, mwenzetu anaisha huyu!" Moyo ukaenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata. Nikajua nakufa. Wakanibeba hadi zahanati wakisema ni presha.

Muuguzi, mama mtu mzima, alitaka kunichoma sindano. Akanivua skintaiti ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Mwanangu, unamenywa kama kitunguu!" Nikacheka huku nalia. Alipopima, presha ilikuwa sawa. Akaniambia ni hofu, na hofu nayo ni ugonjwa: moyo unakimbia kana kwamba umekutana na kiboko, kumbe umesalimiwa tu. "Hujifanyishi. Inatibika," akasema, akaniandikia nikamwone mshauri nasaha hospitali. Nikaitikia vizuri kabisa. Kwenda sikwenda, ng'o!

Kilichonipeleka ni binti yangu, ana miaka tisa. Asubuhi moja nilimkuta amevaa skintaiti zangu chini ya sare ya shule, amezishika kiunoni zisidondoke.

"Wewe! Unafanya nini?" nikafoka.

"Mama, na mimi nimekonda. Sitaki watu wanione."

Niliumia, jamani. Sikuwahi kumwambia neno hata moja. Alikuwa ananitazama tu. Wiki hiyohiyo nikaenda kwa mshauri, na mpaka leo naenda. Ananifundisha kuvuta pumzi taratibu, kupunguza nguo moja moja, kusimama nikasalimiwa. Binti naye tulienda naye mara mbili. Kuna siku nashindwa, nageuzia njiani.

Jumamosi iliyopita tulikwenda sokoni wote wawili. Nilivaa gauni moja jepesi, upepo unapita raha. Mama muuza samaki akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Dada, mbona umekonda hivyo?"

Moyo ukaruka. Nikavuta pumzi, lakini kabla sijafungua mdomo binti yangu akadakia: "Shikamoo, mama. Hajakonda. Mama yangu ndivyo alivyo."

Yule mama akacheka. "Marahaba, mwanangu. Mdomo wangu nao umezidi!"

Nikachukua perege wangu, nikamshika binti mkono. Wa kwangu ulikuwa umelowa jasho. Wa kwake ulikuwa mkavu.