Jicho la Annet

Jumamosi, tarehe 16 Februari 2008. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, wingu hata moja halikuonekana.

Siku hiyo, kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya steji ya Kawangware 56, Kavetsa alishindwa tena na chakula cha mchana. Senge Filister, dada ya baba yake, alikuwa amepika ugali na mboga ya mrenda. Kavetsa alimega tonge, akalitazama, akalirudisha. Tumbo lilikuwa limeshaanza: kwanza linajikunja kama nguo inayokamuliwa, kisha moto unapanda kifuani, kisha ni mbio za chooni huku wapangaji wakimtazama.

Alikuwa na miaka kumi na minane. Hadi mwisho wa Desemba aliishi Kianda, kule Kibera, na mama yake na wadogo zake. Matokeo ya kura yalipotangazwa na ghasia kuzuka, nyumba yao ilichomwa wao wakiwa wamejificha kwa jirani. Mama alipopata basi lenye ulinzi alirudi kwao Vihiga na wale wadogo, na Kavetsa akaletwa kwa senge ili amalize kidato cha nne. Hapo ndipo alipomkuta binamu yake, Annet, binti wa senge.

Annet hakuwa amemkosea, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Annet alilala fofofo. Alikula akaomba ukoko. Kila Jumapili mama yake alimsuka mlangoni, wakichekeana. Kavetsa akikiona kile kichwa kimeegemea magoti ya senge, aligeuza uso, na haukupita muda tumbo likaanza.

Kwenye zahanati, muuguzi aitwaye Ndululu alipima choo na kumpa dawa ya minyoo. Kavetsa aliporudi mara ya pili, Ndululu alimuuliza habari za usingizi, za Kianda, za mama yake.

"Mdudu simwoni," alisema. "Lakini tumbo na akili ni kama wapangaji wa ploti moja, ukuta wenyewe ni bati. Huyu akilia, yule halali. Kuja Jumatatu tuongee."

Kavetsa aliondoka amekasirika. Aliona ameitwa mwendawazimu.

Basi mchana ule, senge alipomshurutisha kula, maneno yakamtoka: "Nitakulaje, na Annet ananiangalia?"

Kwa watu wa kwao hilo si neno dogo. Husemwa kuna watu wenye jicho: wakikutazama ukila, chakula kinakaa tumboni kama vigae. Msichana akishapewa jina hilo, majirani hufunika sahani anapopita, na hakuna anayemkaribisha kula tena.

"Mimi?" Annet alisema. "Mimi nitamani mrenda yako na yangu iko hapa? Wacha mchezo, bana."

"Si ndivyo hivyo unaniangalia! Hata saa hii!"

"Mama, sikia huyu! Anataka nihamishwe ploti."

Senge alitazama nje. Mama Mukhwana, jirani aliyekuwa akifua karibu na mlango, alikuwa ameacha kusugua.

"Annet, mwanangu," senge alisema polepole, "chukua sahani ukale nje. Kidogo tu. Tuone."

Annet alitoka akilengwalengwa na machozi. Senge akamfuata na kurudisha mlango. Kavetsa akabaki peke yake na sahani yake. Ameshinda. Alikula tonge la kwanza, likashuka. La pili likashuka.

Kisha, kupitia bati, akasikia sauti ya senge. "Nyamaza, mama. Fungua mdomo nikulishe, kama ulipokuwa mdogo." Annet akacheka katikati ya kilio.

Tumbo likajikunja. Moto ukapanda. Kavetsa alishika ukingo wa kitanda, akautazama mlango uliofungwa. Hakukuwa na jicho lolote mle ndani ila lake mwenyewe, na hilo lilikuwa huko nje, kwenye mkono wa senge na mdomo wa Annet.

"Kwani huyo msichana wako amefanya nini?" Mama Mukhwana aliuliza.

Senge aliendelea kumlisha Annet. Kavetsa alisikia, lakini hakutoka kumtetea. Jioni, alipowaona mama na binti wakichagua mboga kwenye ungo goti kwa goti, alitamani kuupiga teke.

Kesho yake asubuhi, wapangaji wakiwa kwenye foleni ya maji, Kavetsa alitoa stuli mbili akaziweka katikati ya ua. Akaketi na kikombe cha uji.

"Annet! Kuja hapa."

"Nikae wapi? Nyuma ya choo?"

"Hapa mbele yangu." Kisha akapaza sauti ili ifike hadi mwisho wa foleni. "Nilikusingizia jana. Haya, niangalie nikikunywa."

Annet aliketi, akamkodolea macho makubwa ya makusudi. Kavetsa alikunywa. Kikombe kilipofika nusu, tumbo likamkata. Alikunja uso, akatulia, akaendelea hadi mwisho, kisha akakigeuza kikombe juu chini ili Mama Mukhwana pale kwenye foleni aone kuwa kimeisha.