Mama Birika, Mwosha Nyuso za Wafu

Alizaliwa mwaka wa ukame mkubwa, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, kitinda mimba wa dobi na mkewe. Shule aliiona dirishani tu, maana ada ilikwenda kwa kaka zake. Akiwa binti aliingia hospitali kuu kufagia, na mwosha maiti alipougua, wakubwa walitafuta mtu asiyejua kukataa, wakampata yeye. Ndivyo Mungu alivyomwita. Hakuja kwa sauti wala kwa ndoto. Alikuja kwa upungufu wa wafanyakazi.

Aliitwa Mama Birika kwa sababu hakumwosha mtu yeyote kwa maji baridi. Alichemsha birika lake, akayapima maji kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akaanza na uso, huku akiamkia: "Shikamoo, baba. Pole na safari." Mlinzi wa mlango alimtania, "Iko siku atakuitikia, mama, utoke mbio." Naye akajibu, "Akiitikia nitamkabidhi lindo lako. Wewe unalala kuliko yeye."

Jaribu lake kubwa lilikuwa la moyoni. Kila paroko alipohubiri kwamba aliyetandaza mbingu na nyota zake ndiye aliyemwumba mtu kwa sura yake, Mama Birika alisikiliza akiwa amechoka. Alikuwa ameosha waliopigwa, na waliokufa njaa huku maghala ya wakubwa yamejaa. Kwamba Mungu aliweza kuumba jua, hilo halikumpa taabu. Mtu ndiye aliyemshinda. Kama hii ndiyo sura ya Mungu, basi Mungu naye anaumwa. Kama siyo, basi tunadanganywa. Alimweleza paroko, akaambiwa aongeze sala. Akaongeza. Miaka ikapita, jibu halikuja.

Ndipo mke wa fundi mmoja wa matofali alipofia uzazini, kwa kuwa ufunguo wa chumba cha upasuaji ulikuwa umekwenda mkutanoni mfukoni mwa mganga mkuu. Mtoto naye alitoka mfu, na uso wake haukuwa umeumbika: hana macho, hana pua. Kwa utaratibu wa hospitali, wa namna hiyo hawakuhesabiwa watu. Walitupwa kwenye tanuri la taka pamoja na bandeji. Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha maiti, saruji imemkaukia miguuni.

"Mama, wamesema nimzike mke wangu peke yake. Niambie wewe. Huyu ni mtu, au si mtu?"

Mama Birika alichukua birika lake. Alichemsha maji. Aliosha polepole pale ambapo uso ungekuwa, akasema, "Karibu, mwanangu. Pole." Kisha akamgeukia fundi: "Ni mtu. Njoo umshike, baba yake."

Mganga mkuu akaingia. "Mama, acha mambo yako. Kitu hiki hakina sura."

"Sura ya Mungu umeiona wapi, bwana mkubwa, hata ujue huyu hafanani naye?"

Mama na mtoto walizikwa katika jeneza moja. Kesho yake Mama Birika alifukuzwa kwa kuvunja utaratibu, bila kiinua mgongo. Aliyeondoka na ufunguo hakuulizwa.

Alikufa kwa kifua miaka michache baadaye, kwenye benchi la hospitali ileile, akingoja kuitwa. Tangu hapo, waliosahau nyuso za marehemu wao wakimwomba, huzikumbuka. Fundi naye, akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, mwiko mkononi, alimwona mkewe mchana kweupe: anacheka, na lile pengo lake la jino. Wakubwa wa Kanisa wanasema jambo la kumtangaza mtakatifu bado linachunguzwa. Haya, wachunguze.

Sisi tumwige. Hakutuachia maelezo ya jinsi Mungu alivyoweza kuumba ulimwengu kisha akamfananisha mtu na nafsi yake. Alituachia mtoto mmoja aliyelala kaburini na mamaye badala ya kuwa majivu. Ukikutana na mtu ambaye wenye vyeo wamesema si mtu, usingoje wabadili kauli, watachelewa. Mpokee mikononi kwanza. Mabishano yakifika, yakukute umeshamshika.