Bilauri Ishirini na Nne za Josette

Josette Perrachon aliwashonea gauni maharusi wa Lyon kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemkosea adabu kama yule bwana wa tamasha la taa mwenye skafu ya manjano. Mwaka huu tena alipanda ngazi ghorofa nne, akafika akihema, na bado akapata pumzi ya kumwambia asiwashe mishumaa yake.

"Tarehe nane Desemba?" Josette aliuliza. "Hivi unasikia unachosema?"

"Ni kwa muda wa saa mbili tu, Madam. Samaki wetu wa mwanga, tutakayemrusha kwa projekta, ataogelea kwenye ukuta wenu wote. Lazima pawe giza." Akamtolea mishumaa ya betri. "Hii utaiwasha tukimaliza."

"Kampe mama yako."

Mama yake Josette alipanga bilauri za mishumaa dirishani kila tarehe nane Desemba, na bibi yake vilevile, kila bilauri na tone la maji ndani ili nta isigandie kioo. Walikuwa wakimwashia Bikira Maria, si watalii. Halafu alikuwepo Yvonne, dada yake, katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mto Saône. Masikio yake yalikuwa yamekufa, na akili ilikuja na kuondoka. Lakini kila siku hiyo ilipofika alijisogeza mwenyewe dirishani na darubini, akahesabu: madirisha manne, bilauri sita kwa kila dirisha. Zikitimia ishirini na nne, Josette yu hai.

Mwaka jana Josette alitii. Akakaa gizani kama mjinga. Yvonne aliona samaki, hakumwona mdogo wake, na kwa siku tatu hakugusa chakula, akidai aletewe nguo nyeusi za matanga. Ilibidi Josette apelekwe huko kwa teksi, magoti yakimuuma, ili ashikwe mkono na kuaminika kuwa si maiti. Hakumsamehe bwana wa skafu. Wala hakujisamehe mwenyewe.

Basi mwaka huu, saa kumi na mbili jioni, samaki alipotokeza kichwa ukutani, Josette aliwasha zote. Tumbo la samaki likatobolewa kila mahali na mwanga wa mishumaa.

"Madam Perrachon!" kipaza sauti cha bwana wa skafu kilinguruma kutoka ng'ambo ya barabara. "Zima! Unatuharibia kazi!"

Josette akafungua dirisha la jikoni. "Samaki wako na aoze!"

Umati ukapiga makofi, ukidhani ni sehemu ya maonyesho. Hilo lilimchoma zaidi. Akalibamiza dirisha, na baada ya dakika chache simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa Yvonne.

"Bi Josette, dada yako amehesabu mara tatu. Anasema ni ishirini na tatu."

Josette akageuka. Bilauri ya mwisho ya jikoni ilikuwa imezimwa na upepo wa lile dirisha alilobamiza.

"Anasema nini kingine?"

"Kwamba tangu utotoni wewe ni mvivu."

"Mvivu ni yeye!" Josette alifoka, machozi yakimtiririka, mikono ikipapasa kiberiti. "Mwandikie asitoke hapo dirishani. Ninawasha!"