Midrenji ya Kitovu cha Fedha

Mtaani kwetu Kiwalani spika haipimwi kwa masikio, inapimwa kwa bati. Unaiweka uani, unafungulia muziki wa singeli mpaka mwisho, na kama bati la jirani halijatetemeka, basi umeunda kabati la vyombo. Mimi ni karani wa stoo, lakini Jumamosi zangu zote huishia kwenye mbao, gundi na nyaya, na hakuna maneno niliyoyapenda kama haya: "Braza, huo mzigo sio wa kitoto." Nikiambiwa hivyo nilikuwa navimba kichwa wiki nzima.

Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Binti yake wa pekee alipopata mchumba wa Kigamboni, nilijitolea kuunda spika za sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Siku moja akaja kuziangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndizo hizi?"

"Ndizo. Siku hiyo zitakuwa moto."

"Mie sitaki moto," akasema. "Mie nataka nisikike."

Alikuwa na sababu. Tangu afanyiwe upasuaji wa goita, sauti yake imekuwa nyembamba, kama ya mtu anayeongea chumba cha pili. Na kwenye sendofu, mama wa binti ndiye anayesimama mwishoni kumpa mwanawe usia mbele ya wakwe. Usia ule alikuwa ameutunga kichwani tangu binti yuko shule. Akaurekodi kwenye simu, akanitumia. "Jaribu spika zako na hii. Nikieleweka hapo, na ukumbini nitaeleweka."

Nikamjibu sawa, mama. Sikuusikiliza. Niliuona mrefu, nami nilikuwa na singeli zangu.

Boksi langu lilikuwa la spika tatu. Chini inakaa ile kubwa ya bezi, juu tuita ya sauti kali, na katikati midrenji, ambayo kazi yake hasa ni sauti ya binadamu. Krosova, saketi ya ndani ya boksi, ndiyo inayozigawia: sauti nzito ziende chini, nyembamba ziende juu, za kati zibaki kati. Kariakoo nilionyeshwa midrenji mbili. Moja ilikuwa ya karatasi nyeusi, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa na kitovu cha rangi ya fedha, kinameremeta. Muuzaji akaziunganisha na redio, mtangazaji anasoma habari. Kwenye ile ya karatasi nilisikia mpaka anavyovuta pumzi. Nikanunua ya fedha. Boksi lingesimama mbele ya wakwe, nami nilitaka waone kitu kinachong'aa.

Uani, singeli ilipopanda, ile ya fedha ikaanza kukwaruza. Mtu mwenye akili angerudi Kariakoo. Mimi nikafungua krosova, nikatoa kapasita ya midrenji na kuweka ndogo zaidi, ili sauti za kati zisipite na kuiumiza, zipite za juu tu. Mkwaruzo ukaisha. Bezi ikapiga, tuita ikakata, bati likatetemeka, vijana wakashangilia. Kumbe pale katikati nilikuwa nimeacha shimo. Hakuna aliyeligundua, kwa sababu katika kelele ile hakuna aliyekuwa anatafuta maneno.

Ukumbi ulikuwa Temeke. Mshereheshaji alikuwa na sauti nzito na tena anapiga kelele, kwa hiyo alisikika bila shida. Kisha akaitwa mama mkubwa. Alisimama na dera lake jipya, akashika maiki kwa mikono miwili. Kilichotoka kwenye boksi langu kilikuwa mvumo na miluzi. Midomo yake inakwenda, maneno hayaji. Watu wa meza za nyuma wakaanza kupiga soga. Nikakimbilia mashine nikaongeza sauti, maiki ikapiga yowe, watu wakaziba masikio, na mtu mmoja akacheka.

Wanawake wa meza ya mbele wakamwonea huruma. Wakafanya kile wanachofanya msemaji akikwama: wakapiga vigelegele kumsaidia. Wa nyuma wakadhani amemaliza, nao wakaitikia. "Asante sana mama yetu!" akasema mshereheshaji, akaita muziki. Na muziki ukatoka mtamu, Mungu wangu, bezi mpaka kwenye mbavu. Mama mkubwa akabaki amesimama kidogo na maiki yake, halafu akakaa.

Watu wakaja kunipongeza kwa mzigo. Wengine walinipa mkono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wakati wa kuondoka nilimfuata. "Mama, sio wewe. Ni spika zangu ndizo zilizoharibu."

Akanipapasa bega. "Usinifariji, mwanangu. Mbona yule mshereheshaji kasikika? Sauti yangu ndiyo imekwisha. Nisamehe kwa kukuharibia kazi yako."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Tangu siku ile akaacha kusema mbele za watu. Kwenye kikao cha familia anamnong'oneza mtu wa pembeni amsemee, na kila nikimwona anainama hivyo, uso unaniwaka.

Nikarudi Kariakoo kuifuata ile midrenji ya karatasi. Nikaitengea chumba chake ndani ya boksi ili bezi isiisukume, nikaunda krosova upya, na safari hii niliijaribu kwa sauti ya mama mkubwa peke yake. Ndipo nikausikia usia kwa mara ya kwanza. Niliusikiliza nikiwa nimekaa chini, na singeli sikuiwasha.

Jumapili aliponiletea visheti nilimwomba akae uani. Ndege ilikuwa inashuka uwanjani, tukasubiri ipite. Nikabonyeza.

"Mwanangu, wenzangu watakwambia uvumilie. Mie nakwambia, na wakwe zangu mnisikie, chumba chako sikipangishi mtu. Ukichoka, ukionewa, rudi. Hakuna atakayekuuliza kitu mlangoni."

Bati la jirani halikutikisika. Ila nyuma ya ukuta mama mwenye nyumba alijibu kwa sauti, "Umesema kweli, bibie!"

Mama mkubwa alikuwa ameshika sahani ya visheti mapajani. "Huyo ni mie?"

"Ni wewe, mama."

"Ni ile ile niliyokutumia kabla ya sherehe?"

"Ni ile ile."

Akaitazama ile midrenji ya karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Basi siku ile nilikaa chini bure," akasema. "Na wakwe mpaka leo hawajui kwamba chumba kipo."